Gogo Lililopotea Kwenye Nyumba ya Nyuki

Juru, Nakivale

Mwanangu Furaha,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na kuku wote waliokuwa bado macho, ninatangaza rasmi kwamba leo jioni gogo moja limetoweka kutoka nyumba ya nyuki iliyo nyuma ya jiko letu. Si gogo lolote. Ni lile la kwanza, lenye matundu kama filimbi, ambalo wageni huonyeshwa kabla ya kuonyeshwa kiti. Komite ya uchunguzi imekwisha kuundwa. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, na mjumbe ni mbwa wa Papa Riziki, ambaye mpaka sasa hajatoa maoni. Uvumi kwamba sikio la kushoto la mwenyekiti limevimba hauna uhusiano wowote na jambo hili.

Nimeanza na tangazo kwa sababu barua yenyewe inanishinda. Nitakupa karatasi hizi kesho gari likishaanza kutembea, si kabla, maana ninakujua: ungezisoma mbele yangu huku unanirekebishia maneno. Mambo ya sabuni, ya chumvi, ya kufunga mlango kwa ndani, mama yako amekuambia mara nyingi, na kesho atakimbia kando ya gari akiyasema tena. Mimi nitaongea juu ya kitu kimoja tu ninachokijua, na hata hicho nilikijua kwa kukosea.

Jana tukiwa tunakula uliuliza, “Papa, na yasipozaa?” Nikacheka, nikakuambia ule sombe, majani ya muhogo yanapoa. Halikuwa jibu. Ninajua unakwenda na nini moyoni. Mama Okello, mke wa sajini, amekuachia marakuja yake yote, yale wengine wanayaita pasheni, kule Mbarara nyuma ya kambi ya jeshi ya Makenke, nusu ya matunda iwe yako, na chumba cha kulala pia. Ni bahati ambayo mtoto wa Nakivale hapati mara mbili. Lakini marakuja hayo yanachanua na kupukutika, yanachanua na kupukutika, na nilikuwa nimesimama kando yako siku ile alipokuambia mbele ya uso: “Wewe binti, mimi nimechoka na hii kitu. Iko na maua kama harusi, lakini matunda hakuna. Hii musimu ikipita hivi, mimi napanda matoke.” Akipanda matoke, hakuna kazi, hakuna chumba, na wewe unarudi Juru na godoro lako kichwani.

Mama Okello hakujua kwamba maneno yale niliwahi kuambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na mtu mkali kuliko yeye.

Tulipofika hapa kambini mwaka ule wa 1996, tukikimbia vita, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unanyonya kidole na kuwaangalia watu wote kana kwamba ni sisi tuliokuchelewesha. Kule kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa na duka dogo. Niliuza sabuni, mawese na majembe. Watu wakafikiri, kwa kuwa niliuza majembe, basi ninayajua. Kuuza jembe na kulishika ni elimu mbili tofauti, na ya pili niliianza hapa, na viganja vya mtu wa duka.

Nyumba yetu ya kwanza niliijenga mwenyewe kwa nguzo na udongo, na niliipenda kupita kiasi. Mtu akishapoteza nyumba moja, ya pili anaichunga kama mwenye wazimu. Sasa fikiria uso wangu siku niliposikia kitu kinaguna ndani ya nguzo, grrr, grrr, na unga wa mbao unaanguka moja kwa moja ndani ya sahani yangu ya sombe. Nikainua macho. Tundu la mviringo, safi kama limetobolewa na fundi, na ndani yake makalio meusi ya nyuki mkubwa kama kidole gumba. Hakunijali hata kidogo. Aliendelea na kazi.

Nilitangaza vita. Nikaziba matundu kwa udongo uliochanganywa na pilipili. Wakatoboa kando. Nikaenda Rugaaga kwa yule fundi wa magari, nikarudi na kibuyu cha mafuta machafu ya moteri, nikapaka nguzo zote za nyumba, na dirisha, na kwa kuwa yalibaki, nikapaka miguu ya kitanda. Nyuki wakaondoka. Harufu ikabaki. Kanisani watu waliniachia fasi kila upande kana kwamba mimi ni mgeni wa heshima. Papa Riziki, jirani yetu yule ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, alinusa kama anayetafuta lori, akaniuliza mbele ya mlango:

“Papa Furaha, leo umekuya na kamyo?”

“Hapana, nimekuya kwa miguu.”

“Basi ni kamyo ndiyo imekuya na weye.”

Nguzo moja tu ilipona, ile ya jiko. Mama yako alisimama mbele yake na mwiko mkononi. “Ayo mafuta haiingie mu jiko yangu. Fasi ninapikia batoto, hautapaka bintu bya garaji.” Nikaenda zangu. Nilijiambia kwamba nimemwachia kwa hekima. Ukweli ni mwiko.

Miaka ikapita, ukafika kama miaka tisa, ndipo nikapata wazo la marakuja ya manjano. Maharagi kila mtu alikuwa nayo. Marakuja hakuna. Nikasimamisha miti ya kuyabeba, nikaipaka mafuta yale yale, maana mtu akishashinda vita kwa silaha moja haachi kuibeba. Yakapanda, mwanangu! Yalifunika uzio, yakafunika kamba ya nguo, yakakamata hata jembe nililoliegemeza ukutani. Na maua! Watu wa Juru walikuwa wanashuka kwenye baiskeli kuja kuangalia.

Saa sita mchana yanafunguka, jioni yanafumba, kesho yake yako chini. Tunda, hapana.

Niliweka mbolea ya mbuzi. Nikaweka majivu. Nikapuliza maua kwa mdomo, moja moja, nikiwa nimefumba macho nisionekane, kama vile nikifumba mimi watu nao hawaoni. Papa Riziki akaniita Papa Maua, na jina likashika. Wewe mwenyewe ulirudi shuleni siku moja unalia kwa sababu walikuita mtoto wa Papa Maua, nami nikakuambia ni jina la heshima. Ulinitazama kama unavyonitazama mpaka leo nikisema kitu.

Mama yako alivumilia msimu mmoja. Wa pili akaja na jembe. “Weye unalima maua ya ndoa ya nani? Haya yakianguka tena, mimi ninang’oa yote, ninapanda maharagi. Batoto habakule maua.”

Alikuwa na haki. Shamba letu halikuwa kubwa la kuchezea. Maharagi yale niliyokuwa nimeyanyima ardhi yalikuwa chakula chenu.

Wiki hiyo hiyo aliona kitu. Shina moja lilikuwa limetoroka uzio, likapanda paa la jiko, na pale juu, katikati ya majani, yalining’inia matunda. Matunda ya kweli, mviringo, mazito. Furaha, nilipiga magoti. Kisha nikasimama, nikafikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoleta matatizo. Nikajiuliza: jiko lina nini ambacho uzio hauna? Nikajijibu: moshi!

Unakumbuka ule moshi? Wiki nzima nilichoma majani mabichi chini ya marakuja. Juru nzima ilikohoa. Mama Riziki aliingiza nguo zake ndani, zikatoka zimekuwa kama nyama ya kukausha. Maua yakaanguka haraka kuliko kawaida, mengine yakiwa yameiva kwa moto.

Siku ya mwisho nilikaa chini ya ukuta wa jiko, macho mekundu, nikiwa nimeshindwa kabisa. Sikuwa na wazo lolote kichwani, na ninaamini ndiyo maana niliona. Ilikuwa saa za mchana, maua ya juu ya jiko yanafunguka. Grrr. Kutoka kwenye ile nguzo ambayo haikupakwa mafuta, akatoka nyuki mweusi. Akaenda kwenye ua, akajisukuma chini yake na kuzunguka, akazunguka, mgongo ukisugua pale juu, akatoka amejaa unga wa manjano mgongoni kama mtoto aliyetumwa kwenye mashine ya kusaga. Kisha akaenda ua jingine. Wale nyuki wadogo wa asali walikuwa wanapita chini, wanakunywa, hawagusi kitu. Ua la marakuja ni kubwa mno kwao. Linataka mgongo mpana.

Nilikuwa nimewafukuza wafanyakazi wangu wote, nikabaki nashangaa kwa nini kazi haifanyiki.

Ungefikiri baada ya hapo nilifanya mambo sawa. Hapana. Nilifanya sanduku. Kubwa, la mbao zilizopigwa randa, nikalitundika kama mzinga, nikawaita watu wa komite ya kijiji na mchungaji. Nikatoa hotuba kuhusu nyuki jinsi wanavyokaa pamoja, wana malkia, wanasikilizana, si kama sisi. Ilikuwa hotuba nzuri, mchungaji aliitikia. Tukangoja. Baada ya siku nyingi mkaaji wa kwanza aliingia, na alikuwa kuku wa Papa Riziki. Alitaga humo humo.

“Papa Maua,” akanipigia kelele kwa juu ya uzio, “nyuki yako ameanza kutaga mayai! Na ni makubwa!”

Kumbe nyuki hawa hawana malkia. Hawana mwenyekiti, hawana katibu. Sisi tuliokaa kambini muda mrefu tumezoea kwamba hakuna kitu kinachokwenda bila komite, hata kisima kina komite, hata mpira wa watoto. Hawa, kila mama ana tundu lake na mlango wake. Anatoboa mwenyewe, anaweka chakula mwenyewe, anagawa vyumba kwa unga wa mbao, anataga. Jirani yake yuko karibu hapo, hawagombani, lakini hawaingiliani. Nilikuwa nimewajengea ukumbi wa mkutano watu waliotaka chumba cha kupanga.

Basi nikaamua kuwapa mti badala ya sanduku, na mti ambao tayari walikuwa wameukubali ulikuwa mmoja tu. Ndiyo. Nilikata nguzo ya jiko. Nilingoja mama yako aende kisimani, nikakata pale palipokuwa na matundu, kwa msumeno, polepole nisiwaumize. Nilifikiria nyuki, nikasahau paa. Mama yako aliporudi alikuta jiko limepiga magoti na bugali iko chini ya bati.

Aliangalia jiko, akaniangalia mimi nimekumbatia gogo linalonguruma, akasema, “Sasa hiyo ikikosa kuzaa, utakaa ndani yake weye.”

Nyumba ya nyuki niliyojenga ndiyo unayoijua, kwa hiyo sitakufundisha, umeisafisha miaka kumi. Bati juu, mgongo kwenye mvua, uso kwenye jua la asubuhi. Gogo la jiko katikati, kando yake milingoti ya katani iliyokauka na matawi laini ya mti wa avoka uliokufa, yote yamelala. Na mafuta machafu? Yapo. Kwenye makopo, miguu ya nyumba ikisimama ndani yake, siafu wasipande. Yale mafuta hayakuwa na kosa. Niliyapaka fasi isiyo yake, na kwa hofu. Nikiangalia nyuma, karibu kila kitu nilichoharibu maishani nilikiharibu nikiwa ninalinda kitu.

Nguzo za uzio zilizopakwa nikang’oa, nikaweka mpya. Na msimu ule, Furaha! Unakumbuka ulivyonivuta shati asubuhi, “Papa, njoo uone vidogo vya kijani”? Uzio ulikuwa umejaa. Tulitembea tukigusa moja moja, wewe ukihesabu na kukosea na kuanza tena, mama yako nyuma anajifanya anatafuta kuni. Yalipoiva, uzio uliegemea kwa uzito, nikaufunga kamba nikicheka peke yangu. Jumapili ya shukrani ya mavuno tulipanga ndoo mbele ya kanisa, na Papa Riziki, nakuapia, alisimama akaomba nafasi ya kusema. Nikajikaza. Akasema: “Ndugu bapendwa, nilimuita huyu mutu Papa Maua. Leo ninafuta. Ni Papa Nyuki.” Akakaa. Kisha akasimama tena: “Lakini ile kuku ni yangu, na bifaranga bilitoka mu sanduku yake ni byangu.” Kanisa likaanguka kwa kicheko. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mchungaji akasahau alikuwa amefika wapi.

Na tangu siku ile maharagi tunakula na marakuja tunauza, na ni marakuja yaliyotupeleka mpaka Makenke na ndoo zetu, kwa wake za askari, ndiko Mama Okello alikokuona ukibishana na mteja na akakupenda.

Sasa shida ya Makenke wewe uliiona kabla yangu. Tulipotoka kwake ulisema, “Papa, pale hakuna mti uliokufa.” Kweli. Nyumba ni saruji, marakuja yamepandishwa kwenye mabomba ya chuma, na kila tawi linalokauka limekwisha kuwa mkaa kabla ya jioni. Nyuki mweusi atatoboa chuma? Ndipo Jumapili ukaniomba gogo. Lile. Ukasema nyumba ya nyuki utajua kuijenga, matawi utayatafuta, lakini tupu bila wakaaji inaweza kukaa msimu mzima ikingoja, na Mama Okello hana msimu wa kungoja.

Nami nikajibu, mbele ya mama yako na mbele ya bugali, kwamba gogo lile halitoki Juru hata kama mimi natoka. Nikasema nyuki hawahamishwi. Nikasema utawaua njiani. Nilisema mengi, na sauti yangu ilikuwa kubwa, na wewe ukakusanya sahani.

Kabla sijamaliza, kitu kimoja kuhusu hawa nyuki, ambacho sikukuambia kwa sababu ungenicheka. Watoto wao wakishakuwa wakubwa, wana mabawa, wana nguvu, bado wanakaa ndani ya tundu. Mama anatoka anatafuta, anarudi, anawalisha. Watu wazima kabisa! Nilipoligundua hilo niliangalia tundu, kisha nikakuangalia wewe na miaka yako, umeegemea mlango unauliza chakula kiko wapi, nikasema haya, nimeelewa. Lakini siku moja wanatoka. Hawafukuzwi. Wanakaa mlangoni kidogo, wanapasha mabawa joto kwenye jua, kisha hawapo. Na wale wa manjano wanaoelea mbele ya milango ya wenzao kutwa nzima, wanapiga kelele na kutisha kila anayepita, ni madume, na hawana hata mwiba. Mbarara utawakuta wengi. Pita tu.

Sasa ripoti ya komite.

Leo jioni, jua likizama, mwenyekiti alionekana akienda nyuma ya jiko na msumeno chini ya koti. Nia yake, anakiri, ilikuwa kukata nusu ya gogo, nusu yako, nusu yangu, kama mtu mwenye akili. Alifika akakuta kuna mtu. Mama yako alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba ya nyuki, kitenge kimetandikwa chini, anaziba matundu kwa bugali, moja moja, kwa kidole, akiwahesabu wanaorudi kulala. Nilisimama na msumeno wangu. Aliniangalia, hakushtuka.

“Unataka kukata nini?”

“Nusu.”

“Ukikata unapita katikati ya nyumba za batu.” Akaziba tundu jingine. “Ile siku ulikata jiko yangu kwa ajili ya hii kitu, sikukuuliza. Leo usiniulize. Shika taa.”

Nikashika. Mmoja alikuwa amechelewa, akakuta mlango umezibwa na sikio langu likiwa karibu. Ndilo sikio utakaloliona kesho. Nilimwachia tundu, akaingia, mama yako akaziba. Tukaliviringisha kwenye kitenge, na sikubeba peke yangu: yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wanaobeba mgonjwa, tukicheka kimya kimya usisikie. Kisha akanishika mkono na kusema, “Papa Nyuki,” bila kejeli kabisa, mara ya kwanza.

Huku matawi mengine yamejaa nyuki, watatuzalia wengine. Huko wewe ndiye huna. Weka gogo uso kwenye jua la asubuhi, jioni ukifika, na ukishaliweka toa bugali kwenye matundu. Hawatatoka usiku. Asubuhi watachungulia kidogo, wataona maua ya Mama Okello, na hawatakuwa na la kuuliza.

Liko ndani ya godoro lako, katikati kabisa, tulipolikunja. Usilikalie. Na barabarani gari likitulia kidogo ukasikia godoro linanguruma, waambie abiria wasiogope. Ni watu wa kwetu, wanahama.

Baba yako,
Papa Nyuki